Koti Lisilofuliwa

"Koti lake ulilifua?"

Mgeni aliniuliza hivyo mchana kweupe, amesimama mlangoni mwa karakana yangu, hata hodi hakupiga. Nilikuwa nimeshika chupa juu ya moto wa gesi, kioo kimeshalainika, kinaning'inia kama uji mzito kwenye mwiko. Niliposikia neno koti mkono ukacheza. Shingo ya chupa ikapinda, na kazi ya asubuhi nzima ikaishia hapo.

"Koti gani?" nikamuuliza, ingawa nilijua vizuri koti gani.

"La marehemu. Lile jeupe la kazini."

Nikazima moto. Nikavua miwani. Nawaambieni, kama si kuogopa kuvunja kioo kingine, ningemrushia kitu.

"Sikiliza, bwana wewe. Ulipewa meza yake, nikanyamaza. Ukapewa ufunguo wake, nikanyamaza. Chupa niliyompulizia kwa pumzi yangu mwenyewe unapikia wewe, nikanyamaza. Sasa unataka na nguo zake?"

"Fundi, nisikilize kwanza."

"Sikusikilizi! Toka."

Hakutoka. Yule mtu hajui kutoka. Alivuta kile kigoda kilicho karibu na dirisha, kigoda ambacho mtu hakikalii, akakumbuka, akakirudisha taratibu mahali pake na kubaki amesimama. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Mtu ukitaka kumchukia, halafu yeye akakumbuka kutokalia kigoda cha mume wako, utamchukia kwa lipi?

Mimi ni fundi wa vioo. Wakemia wanachora wanachotaka, mimi napuliza: chupa za shingo mbili, mirija ya kujisokota, makorokoro yote yale mnayoyaona kwenye picha. Mume wangu alikuwa mmoja wa wakemia hao. Wenzake walimwita Bingwa, mwanzoni kwa kumtania, baadaye kwa kumheshimu. Kuna mmea mmoja wa kutambaa msituni, mizizi yake hutoa dawa ya watoto wanaobanwa na kifua. Kumtibu mtoto mmoja unang'oa mmea mzima, na mimea yenyewe imebaki ya kutafuta kwa tochi. Bingwa alitaka kuitengeneza dawa ile ile bila kugusa mzizi. Unaanza na vitu vya kawaida vya dukani, unaviunganisha kipande kwa kipande mpaka vinakuwa kitu kile kile ambacho mmea unakitengeneza kimya kimya ardhini. Alihangaika nacho ujana wake wote.

Siku moja akaja karakana mbio, kajikwaa kizingitini. "Imeganda! Mke wangu, imeganda!" Chupani mwake mlikuwa na fuwele, chembe nyeupe zinazometa. Hata ile inayotoka mzizini haijawahi kuganda, hubaki utomvu wa kahawia. Akazipiga picha kando ya njiti ya kiberiti, akawaonyesha wote. Alicheka siku ile mpaka akapaliwa.

Kesho yake alivua koti, akalitundika, akaniambia, "Nakwenda kununua mkate, narudi sasa hivi." Akavuka barabara. Gari lile hata breki halikupiga.

Katika vurugu za msiba, kichupa chenye zile fuwele kikapotea. Wenzake wakarudia kazi yake hatua kwa hatua, na kila mmoja akaishia na mafuta manene kama asali. Hayagandi, yakilala yanageuka lami. Minong'ono ikaanza. Wakasema alichowaonyesha ni chumvi. Chumvi ya jikoni! Nilipita koridoni nikasikia mtu anasema "Bingwa wa chumvi", na waliokuwa naye wakacheka.

Ndipo akaletwa huyu, kutoka mbali, arudie yote tangu mwanzo na aseme ukweli. Wakamwita Mgeni, na jina likamganda. Na jioni ya siku ile ile aliyoniulizia koti, Mkuu wa idara alikuwa atie saini tangazo kwamba ugunduzi wa mume wangu umefutwa. Kwa maneno mengine, alikuwa mwongo.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshampenda Mgeni.

Sikupanga. Mapenzi hayabishi hodi, na huyu naye hana adabu hiyo, basi waliingia pamoja. Alipofika, chupa zikaanza kuvunjika huko maabara kuliko shule ya chekechea. Kila siku ana ufa, kila siku ana mrija uliokatika. Siku moja nikamwambia, "Hii umeigonga mwenyewe, alama ya nyundo ninaiona." Akaona haya mpaka masikio. Nikacheka. Na nilipocheka, kigoda cha dirishani kikalia, kwee, kama mtu aliyekuwa amekaa ameinuka.

Mimi si mtu wa mizimu. Lakini Bingwa alikuwa na mluzi wake mmoja, mwembamba, hauna mwanzo wala mwisho, akiupiga anapofikiri. Na moto wangu wa gesi nikiupunguza sana hupiga mluzi ule ule. Hujui hali ya kumtazama mwanamume machoni, moyo unakwenda mbio, na nyuma yako mumeo anapiga mluzi.

"Sema basi," nikamwambia Mgeni. "Koti la nini?"

Akasogea. Macho yake yalikuwa mekundu, yanaonekana hayajalala.

"Nilichokipika ni chenyewe, Fundi. Kila kipimo kinaniambia hivyo. Lakini hakigandi, na Mkuu anasema mafuta si ushahidi. Unajua kitu kama hiki kinagandaje? Kinataka wa kumwiga. Ikitokea chembe moja imejipanga sawasawa, nyingine zote zinaifuata. Tunaiita mbegu. Bingwa alipopata chembe ya kwanza ilikuwa bahati, lakini tangu hapo vumbi lake, vumbi usiloliona, likakaa chumba kizima. Mezani, mapaziani, kwenye nywele zake. Angepika tena mle ndani ingeganda kila mara."

"Basi mbona kwako haigandi? Si unapikia mle mle?"

Akatazama mikono yake.

"Siku niliyofika, nilianza na kazi gani?"

Nikakumbuka. Sote tulikumbuka, maana tulimsifu. Alikunja mikono ya shati akasugua maabara ile tangu dari hadi sakafu, kwa sabuni, kisha kwa spiriti. Mapazia akayatupa. Wanawake wa ofisini wakasema, mama yake alimlea, mwanamume msafi vile.

"Nilimfagia," akasema. "Mimi mwenyewe. Nilimfagia nikamwaga na maji machafu. Waliorudia kazi hii kabla yangu walipikia vyumbani kwao, na Bingwa hakuwahi kufika huko. Mimi niliyepewa chumba chake, ndimi niliyemtoa."

Tangu msiba nilikuwa nikisikia nyayo za Bingwa koridoni, zinakuja hadi mlango wa maabara, zinasimama hapo. Haziingii. Nilikuwa najiuliza kwa nini haziingii.

"Koti halijafuliwa," nikasema. "Lipo kwa mama yake."

"Unaweza kulipata?"

"Na mafuta yakiganda?"

"Nitaandika alisema kweli."

"Na yasipoganda?"

"Nitaandika nilichokiona. Siwezi kudanganya, Fundi. Kwako ndiyo kabisa siwezi."

Nikataka kumpiga kofi na nikataka kumkumbatia. Sikufanya lolote kati ya hayo, nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Mama mkwe wangu naishi naye. Watu walisema baada ya msiba nitarudi kwetu, lakini ningemwachia nani? Nilimkuta sebuleni anashona kishikizo, uzi kaushika mdomoni.

"Mbona mapema?"

"Mama, naomba koti."

Uzi ukadondoka. Yeye hakuuliza koti gani.

Lilikuwa kwenye kabati lake, ndani ya mfuko wa plastiki, limefungwa fundo. Mimi nilikuwa nikivizia akitoka, nafungua, nanusa, nafunga. Sabuni yake, jasho lake, na uchachu fulani wa kazi yake. Kila nikinusa najua nimeipunguza, kwa hiyo nilikuwa nanusa kibahili, pumzi moja tu. Lakini fundo nililolifunga mimi silo nililolikuta. Tulikuwa wezi wawili wa kitu kimoja, na hatukuwahi kuambiana.

Nikamweleza yote. Mbegu, vumbi, saini ya jioni. Alisikiliza akiikunja na kuikunjua ile nguo aliyokuwa akiishonea kishikizo.

"Anayelitaka ni yule kijana anayekusindikiza mpaka kona, halafu anageuka kama kaiba kuku?"

"Mama!"

"Macho yangu yana mtoto wa jicho, mwanangu, hayana upofu. Kachukua meza ya mwanangu. Kachukua..." Akanitazama juu mpaka chini. "Kachukua na vingine. Nimekaa kimya. Sasa anataka na harufu? Aniachie basi hata harufu!"

Nilipiga magoti. "Sijafanya lolote la kukuaibisha, mama. Nakuapia. Lakini jioni hii wataandika kwamba mwanao alikuwa mwongo. Itabaki hivyo, hata sisi tukifa."

"Na likikung'utwa lisitoe kitu?"

"Basi tutakuwa tumelikung'uta bure."

"Na harufu?"

Nikainamisha macho. Akaelewa.

Akasema, bila kunitazama, "Nimezaa mmoja. Nimemlea mwenyewe. Uongo aliusema mmoja tu maishani mwake."

"Upi, mama?"

"Narudi sasa hivi."

Machozi yakanitoka bila kelele. Yeye akanyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na mfuko kaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. "Twende. Lakini nitalibeba mimi. Na huyo kijana wako asiliguse."

Tulichukua teksi. Njia nzima mfuko ulikuwa mapajani mwake, mkono wake juu ya fundo.

Mgeni alitupokea mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaingia, akatazama kuta, meza, dirisha lisilo na pazia. "Pasafi mno hapa."

"Ndiyo kosa langu, mama."

Hakutarajia jibu hilo, nikaona. Akamtazama tena, safari hii usoni.

Katikati ya meza ilikuwepo ile chupa ya shingo ya upande. Naijua. Nilipokuwa naipuliza, Bingwa alinitekenya, shingo ikalala. Nilitaka kuitupa akaninyang'anya: "Hii naipenda, imeinamisha shingo kama mke anayesikiliza uongo wa mumewe." Ndani yake yalikuwa yale mafuta manene, meupe kidogo, yametulia, hayana hata kipovu.

Mkuu naye alikuwepo, kaegemea ukuta, karatasi yake mkononi. "Jamani, hapa ni maabara, si kilingeni kwa mganga," akasema.

"Ni kemia, Mkuu," Mgeni akajibu. "Kaa."

Na Mkuu akakaa!

"Siligusi mimi," Mgeni akatuambia. "Nyinyi. Pindueni mifuko, na mshono wa mkono wa kulia. Kung'uteni juu ya mdomo wa chupa." Kisha akageuka akatazama dirishani, akatupa mgongo. Nilimpenda kwa ule mgongo kuliko kwa maneno yote aliyowahi kuniambia.

Mama akafungua fundo. Bingwa akatoka.

Sina namna nyingine ya kusema. Harufu ilitoka yote, nzima, kama mtu aliyefungua mlango baada ya safari. Mama akavuta pumzi. Mimi nikavuta pumzi, na safari hii sikuifanyia ubahili. Kisha tukalipindua koti, tukalikung'uta, nikapitisha ukucha kwenye mshono, na hakuna kilichoonekana kudondoka.

Tukangoja.

Mafuta yalikaa vile vile. Mkuu akakohoa. Mgeni alikuwa kageuka sasa, uso kaukunja, midomo inacheza kama anayeomba. Ningejua anaomba nini! Yakiganda, jina la mume wangu linarudi na yeye anabaki wa pili. Yasipoganda, mume wangu anakufa mara ya pili, na mimi sitamtazama Mgeni tena, najijua. Naye alilijua hilo.

"Halikuwa na kitu," Mkuu akasema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kejeli.

Mama akainama, mdomo wake karibu na ile shingo iliyopinda. "Baba," akanong'ona, kama alivyokuwa akimwita alipokuwa mdogo. "Baba, usituaibishe."

Nikaona nukta.

Nilidhani ni chozi kwenye kope zangu, nikafuta. Nukta ikabaki. Ikatoa mwiba mmoja mweupe, mwiba ukatoa mingine, na mara chupa nzima ikaanza kujaa, kutoka juu kwenda chini, kama barafu inavyotambaa kwenye kioo. Mgeni alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mama akaikamata chupa. "Ana joto," akasema. "Njoo umshike. Ana joto!"

Nikashika. Kweli. Chupa iliyokuwa baridi ilikuwa inapata joto mikononi mwetu, joto la kiganja cha mtu.

"Kitu kikiganda hutoa joto," Mgeni akaanza, "ni jambo la kawaida la..."

"Nyamaza, kijana," mama akamwambia.

Tukaishika hivyo, mikono minne, mpaka ikapoa. Mkuu alisimama, akaikunja ile karatasi mara nyingi mpaka ikawa ndogo, akaitia mfukoni. Alitaka kusema neno, akaona hatuna nafasi ya neno lake, akatoka akifunga mlango polepole.

Nikalinusa koti. Nguo tu. Nikampa mama, naye akanusa, akatikisa kichwa. Tulitazamana, wezi wawili, hatuna tena cha kuiba.

Mgeni alikuwa amekaa mbali, mwisho wa meza. Nikamfuata.

"Umemrudisha," nikamwambia. "Ahsante."

"Kuna jambo lazima ulijue kabla hujanishukuru." Alikuwa anasema na sakafu. "Vumbi lake limeenea tena. Kuanzia leo kila nitakachopika humu kitaganda, na dawa itapatikana. Lakini siwezi kusugua chumba hiki tena, wala kupangusa hata meza. Nitafanya kazi humu na yeye, siku zote. Mimi naweza. Nilitaka kukuomba jambo, Fundi, nimelibeba muda mrefu. Sasa sijui kama naweza kumwomba mwanamke aje kwenye chumba ambacho mimi na yeye sote tumo."

Nilikuwa na kilio tu, na hicho nacho kilikuwa hakijui ni cha nani.

Nyuma yangu nikasikia nguo inakung'utwa. Mama mkwe alikuwa analinyoosha koti kwa kiganja, kola, mabega, mikono. Nilidhani anataka kulirudisha mfukoni. Akapita mbele yangu, akasimama mbele ya Mgeni.

"Koti ni la kazi," akasema. "Halikai kabatini. Vaa."

"Mama, mimi siwezi..."

"Nimesema vaa. Mwanangu kafa na kazi yake haijaisha, atavaa nani? Mkuu?"

Akavaa. Mikono ilikuwa mifupi kwake, mabega yakambana. Mama akamrekebishia kola kwa ghadhabu, kama anayemgombeza.

"Na usilifue," akasema. "Umenisikia? Usilifue hata siku moja."

Akachukua mfuko mtupu, akatoka kunisubiri nje.

Kishikizo cha juu kilikuwa hakijafungwa. Nikakifunga mimi, na mkono wangu ukabaki pale kifuani pake, juu ya nguo ya mume wangu. Chini yake moyo ulikuwa unapiga. Mgeni akauweka mkono wake juu ya wangu. Ndipo mluzi ukaanza, mwembamba, hauna mwanzo wala mwisho, karibu kabisa na sikio langu. Nikatazama moto wa gesi wa mle maabara. Ulikuwa umezimwa.

Nikaogopa kuuliza, nikauliza. "Umesikia?"

"Nimesikia," akasema, na hakuniachia mkono.